Mwenye Tokeni

"Baba Nasambu, sufuria ya watu imekaa hapa siku tatu. Si uwapelekee kabla giza iingie?"

Wakhisi alijifanya hakusikia. Nelima, mkewe, akarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti ya mwanamke ambaye hatasonga ugali mpaka atiiwe. Basi mzee mzima akainuka, akaishika ile sufuria kwa vidole viwili kama mtu anayekwenda kutupa panya, akatoka.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatua ishirini. Nyumba ya Khaemba ilipakana na yake hapo Kaloleni, Kisumu, na kilichotenganisha viwanja vyao ni safu ya minyaa tu. Lakini tangu mwaka uliopita, 1968, Wakhisi alikuwa radhi kuzunguka mtaa mzima asipite mbele ya kiwanja kile. Ndani yake kulikuwa na treni.

Treni ndogo, lakini treni kweli. Injini ya shaba na chuma, ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidoleni, yenye tangi la maji na taa ya spiriti chini yake. Ukiiwasha, ilitoa mvuke, ikapiga honi, ikavuta mabehewa manne yaliyokatwa kwenye madebe ya mafuta. Khaemba alikuwa ameitandikia reli katikati ya sukuma wiki, ikauzunguka mpera na kupita chini ya kamba ya nguo. Kila wiki aliongeza kitu. Leo stesheni ya mbao za sanduku la chai, kesho mnara wa maji wa kopo la maziwa. Jioni watu walijaa kutazama, wengine wametoka hadi Mamboleo, na wote waliondoka na wimbo mmoja: Khaemba, Khaemba, Khaemba.

Injini hiyo aliiunda Mzee Gurcharan, Singasinga aliyekuwa msimamizi wa mafundi kwenye karakana ya reli. Alipofungasha virago kwenda Uingereza, kila mtu alijua ataiacha kwa nani. Wakhisi alikuwa fundi wake kwa miaka kumi na tisa. Magurudumu sita ya injini ile aliyachonga Wakhisi, kwa tupa, jioni baada ya jioni. Na siku ya kuagana mzee akampa Khaemba! Khaemba wa kutupa makaa kwenye tanuri, asiyeweza kunoa hata kisu cha jikoni. Wakhisi aliambulia kupewa mkono na shukrani.

Shukrani hailiwi. Tusizunguke mbuyu: Wakhisi alimwonea Khaemba wivu, ule wivu wa kutazama sukuma wiki za jirani ukaziombea viwavi.

"Aa, fundi! Karibu, karibu!" Khaemba alimpokea kwa mikono miwili. "Leo umenikumbuka. Hebu ona daraja yangu, Bwana, imekataa kabisa kunyooka. Wewe ungenisaidia, hii kitu ingekuwa ya maana sana."

"Niko na haraka," Wakhisi alisema. Daraja lilikuwa limepinda kweli. Lilimfurahisha.

Khaemba akatungua kutoka kwenye msumari wa mlangoni kipande cha shaba cha mviringo, kikubwa kuliko shilingi, chenye tundu. Akakitundika kwenye ndoano ya injini.

"Hii ni tokeni," aliwaeleza wageni, kama alivyowaeleza kila jioni. "Kwa reli ya njia moja, dereva bila tokeni haendi. Mwenye tokeni ndiye mwenye njia. Hata kama ni treni ya uani, sheria ni sheria."

Onyesho likaisha. Tokeni ikarudi kwenye msumari, wageni wakatawanyika, Khaemba akaingia ndani kumpelekea mkewe sufuria. Wakhisi akabaki peke yake mlangoni.

Mkono wake ulitangulia. Akili ilifuata baadaye.

*

Dorca aliuza omena pale soko la Otonglo. Hayo ndiyo waliyoyajua wateja wa mchana. Waliomjua zaidi walisubiri jua lianze kushuka, wakamfuata kwenye kibanda nyuma ya soko. Kesho yake Wakhisi alikuwa mmoja wao.

Ndani kulinuka samaki na kitu kingine... kama nywele zilizoungua.

"Unataka kitu ama unataka mtu?" alinong'ona Dorca.

"Kitu tu. Kuna treni ndogo. Sitaki itembee tena."

"Umeleta nini?"

Wakhisi akampa tokeni. Dorca aliipitisha puani, akainusa kama anayenunua samaki.

"Hii ndio inaipatia ruhusa?"

"Ndio, Mama. Bila hiyo haiendi."

"Jina?"

"Khaemba."

"Yake sijauliza. Nimeuliza yako."

Wakhisi alisita. Akalitaja.

Yule mama hakutaka hata senti. Alifunga tokeni kwenye kitambaa cheusi, akakitemea mara tatu, akanong'ona kwa Kiswahili, labda ili mgeni wake asikose hata neno: "Mwenye kuishika asitoke pale alipo."

Kisha akamtazama. "Tupa hii ziwani leo, jua ikiwa bado iko. Usifungue. Usilale nayo hata siku moja. Ukilala nayo, itakuzoea."

Wakhisi alishuka hadi ziwani, akasimama kwenye mafunjo. Jua lilikuwa limebaki kipande. Aliinua mkono kutupa.

Halafu akafungua kitambaa. Kuangalia tu, mara ya mwisho.

Loo! Kazi ya Mzee Gurcharan ile. Ukingo umesuguliwa hadi unateleza, herufi zimechongwa nyembamba kama uzi. Mzee alininyima injini, alijiambia, nitupe na hii? Akaokota jiwe, akalifunga kwenye kitambaa, akalirusha majini. Tokeni ikaingia mfuko wa shati.

Kikulacho ki nguoni mwako.

*

Jioni hiyo hiyo Khaemba alitafuta tokeni hadi chini ya kuku aliyeatamia. Watu wakamshauri akate nyingine kwenye debe.

"Haiwezekani," alisema kwa huzuni. "Tokeni ni moja. Ukitengeneza ya pili, siku moja treni mbili zitakutana."

Injini ikafunikwa gunia. Watazamaji wakapungua, kisha wakaisha. Wakhisi alilala vizuri kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, tokeni ikiwa chini ya mto. Siku saba alikula akashiba.

Siku ya nane aliamka vidole vinamuuma. Chini ya kucha kulikuwa na unga wa njano. Alinusa viganja vyake.

Spiriti.

"Jamani, njooni muone!" Ilikuwa sauti ya Khaemba. "Nani amenifanyia hii?"

Daraja lilikuwa limenyooka. Si kunyooka tu, lilikuwa na nguzo nne, kila kiungo kimelehemiwa safi, kazi ya kuweka kwenye maonyesho. Mbele yake reli ilikuwa imeongezeka hatua mbili, ikielekea kwenye minyaa.

"Si mimi, haki ya Mungu," Khaemba alisema. Majirani wakacheka. Fundi, na tena hana majivuno! Hakuna kama Khaemba Kisumu hii!

Wakhisi aliinama karibu na daraja. Pembe zote zilipigwa tupa kwa mshazari. Mtindo ule Mzee Gurcharan alimfundisha mtu mmoja tu duniani. Alikimbia nyumbani akafungua sanduku lake la vifaa. Rula yake ya chuma haikuwepo. Tupa zilikuwa zimelika.

"Mama Nasambu, usiku mimi nilitoka?"

"Utoke wapi? Mlango nilifunga mimi, kifunguo nililala nayo. Umekoroma mpaka asubuhi."

Ikawa hivyo kila kukicha. Hatua mbili, hatua tatu. Mataruma, vile vipande vya mbao vinavyobeba reli, yalikuwa ya mbao aliyoijua: miguu ya kiti chake cha zamani, kisha vibao vya kitanda chake, kimoja kimoja. Na kila asubuhi watu walijaa tena, wakamsifu Khaemba. Kila sifa ilikuwa ya Wakhisi, jasho lake, mikono yake, na hakuweza kuidai hata moja bila kueleza kilichokuwa mfukoni mwake.

Siku moja alifika hadi kwenye minyaa, tokeni mkononi. Angeirusha upande wa pili tu, yaishe. Akamsikia mama mmoja akisema, "Huyu Khaemba amebarikiwa mikono."

Akairudisha mfukoni.

*

Jumamosi jioni Nelima alikwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Wingu lilikuwa limeinama juu ya ziwa, giza likawahi kuingia. Wakhisi alikaa kwenye kiti sebuleni. Reli ilikuwa imepita chini ya minyaa asubuhi hiyo, ikakata kiwanja chake, ikafika kwenye kizingiti. Alikuwa ameifunika kwa matope. Alikuwa amefunga mlango, akabakiza upenyo wa chini, ambao hata paka hupita kwa kujibana.

Chu...

Akatega sikio.

Chu... chu... chu...

Harufu ya spiriti ikatangulia. Halafu mafuta ya moto. Halafu ile nyingine, ya nywele zilizoungua.

Alitazama sakafuni. Matope yaliishia nje, lakini reli haikuishia. Ilipita chini ya mlango, ikavuka simenti, ikaja moja kwa moja hadi kati ya nyayo zake. Asubuhi haikuwepo. Mchana haikuwepo.

Injini iliingia polepole, imeinamisha bomba lake la moshi ili ipite. Chuma hakiinami hivyo. Ikasimama kwenye kidole gumba cha mguu wake. Ndoano ilikuwa tupu, inayumba.

Ilikuwa inasubiri.

Wakhisi alijua la kufanya. Mfanyakazi gani wa reli asingejua? Tundika tokeni, treni irudi kwa mwenyewe. Aliitoa mfukoni, akainyoosha kuelekea ndoano. Wakati huo huo kicheko cha Khaemba kikasikika upande wa pili wa minyaa, kicheko cha mtu asiye na deni la usingizi.

"La," alinong'ona Wakhisi. Akafumba ngumi. "Nimeijenga mimi. Njia ni yangu."

Mvuke ukakoma.

Kisha kutoka ndani ya kijumba cha dereva, mahali ambapo panya angebanwa, sauti ikajibu kwa upole.

"Wakhisi."

Baridi ilianzia kwenye kidole gumba. Ikapanda hadi magotini. Ikapanda hadi kiunoni, ikatulia hapo.

*

Nelima alimkuta kwenye kiti kile kile. Hospitalini walimpima, wakamchoma sindano nyayoni, wakamrudisha. Mifupa mizima, miguu mizima, ila haitembei.

Injini ilikutwa chini ya gunia lake kwa Khaemba, imepoa. Reli ya sebuleni ilibaki. Khaemba aliitazama, akapapasa taruma moja kwa kidole. Tangu hapo alikuja kila jioni, akaweka kikombe cha uji juu ya behewa, akalisukuma kwa mkono kutoka kwake hadi kwenye kiti cha mgonjwa. Kwa mkono, maana bila tokeni injini haiendi. Majirani walitokwa na machozi. Rafiki kama Khaemba utampata wapi!

Wakhisi aliyasikia yote. Miguu ilikuwa imekufa, lakini wivu ulikuwa mzima wa afya.

"Fundi," Khaemba alimwambia jioni moja, "hii kitu imenikaa rohoni. Mzee Gurcharan aliniambia siku ile, 'Khaemba, injini nakupa wewe kwa sababu hujui kazi. Itabidi uende kwa Wakhisi kila siku. Ningempa yeye, angejifungia nayo peke yake.' Alitaka tujenge pamoja. Mimi nikakuita, ukakataa. Kama uko na kitu ya kuniambia, niambie tu. Sitakasirika."

Tokeni ilikuwa chini ya blanketi, ina joto kama mkate. Neno moja tu lingetosha. Wakhisi aliugeuza uso ukutani.

Khaemba akapumua. Alikuwa anainuka aende alipoona kitu nyuma ya kiti. Akachukua taa, akainama. Reli haikuishia tena kwenye kiti. Ilipita chini yake, ikatoka kwa mlango wa jikoni, mataruma mapya meupe, kila pembe imepigwa tupa kwa mshazari. Aliifuata hadi nje. Ilikuwa inaelekea barabara ya Busia, upande wa Otonglo.

Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Fundi... wewe hutembei. Huu mwezi wa pili. Sasa hii, nani anajenga?"

Wakhisi aliivuta mikono polepole, akaificha ndani ya blanketi. Chini ya kucha, unga wa shaba ulikuwa bado wa moto.