Jaji Aliyeshika Chaki

Fundi cherehani hakumwamini jirani yake mpya. Kila asubuhi mzee yule alipita na mkoba wa vitabu, akienda kufundisha sheria chuo kikuu. Watu walisema zamani alikuwa jaji wa mahakama ya katiba, ile inayoamua kama serikali imefuata sheria kuu ya nchi. Fundi aliguna. Nani anaacha kiti cha ujaji akashike chaki? Lazima kuna jambo.

Siku moja binti wa fundi alirudi nyumbani na sanduku. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemfukuza. Barua ilikuwa fupi: ameiba mtihani, aondoke. Binti alilia mpaka macho yakavimba.

Yule mzee profesa alikuja kuchukua suruali aliyoileta kushonwa, akasikia kilio. Akaomba kuisoma ile barua. Fundi alisita. Huyu anataka nini? Mwishowe akamwonesha, lakini upande mmoja aliushika mwenyewe.

"Walimsikiliza kabla ya kumfukuza?" profesa aliuliza.

"Hakuulizwa kitu."

"Basi wamekosea. Katiba yetu inasema mtu haadhibiwi kabla hajasikilizwa. Aoneshwe ushahidi, ajitetee."

"Kwa hiyo unaamini hakuiba?"

"Sijui, mama. Sijamsikia bado."

Neno hilo lilimchoma fundi. Akauliza bila kuzunguka, "Na wewe mzee, uliiba nini hata ukaacha ujaji?"

Mzee hakukasirika. Alivuta kiti, akaeleza kwamba majaji wa mahakama ile hukaa miaka tisa tu, kisha huwapisha wengine. Muda wake ulipoisha, angeweza kupumzika. Lakini miaka yote hiyo aliona kuwa wanaofika mahakamani ni wale wanaojua haki zao. Wengine walibaki nyumbani wakilia.

"Jaji hawezi kumfuata mtu nyumbani kwake," alisema. "Mwalimu anaweza."

Fundi bado alikuwa anampima. Ila aliona aibu: miezi yote alimhukumu mzee huyu bila kumwuliza hata swali moja.

Profesa hakuwaandikia barua. Alimwambia binti aandike mwenyewe, kwa maneno mepesi: nimefukuzwa lini, sikusikilizwa, naomba kikao na ushahidi. Fundi alimsindikiza hadi chuoni, akasimama dirishani mpaka karani alipogonga muhuri kwenye nakala yao.

Kikao kiliitwa baada ya siku kumi. Binti aliomba kuiona karatasi ya mtihani aliyodaiwa kuiiba. Namba ya usajili iliyoandikwa pale haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanafunzi mwingine mwenye jina linalofanana na lake. Mkuu wa chuo aliomba radhi mbele ya wote.

Jumatatu binti alivaa sare, akarudi darasani. Jioni ile fundi alibisha hodi kwa profesa.

"Mwanangu amerudi chuoni," alisema. "Sasa niambie, na mimi fundi nina haki gani?"

Profesa alimkaribisha ndani. Fundi aliingia, macho yakikagua kila pembe, akachagua kiti cha karibu na mlango. Kisha akatoa daftari na kalamu.