Kikohozi cha Apiyo na Kikohozi cha Adongo

Apiyo na Adongo ni pacha wa kike wa miaka miwili. Mimi ni nyanya yao, wananiita Dani. Mama yao, Lorine, anauza mboga katika soko la Kondele. Akienda sokoni, ananiachia watoto.

Kwetu pacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja ndizi, mpe na mwenzake. Ukimwogesha mmoja, mwogeshe na mwingine.

Mvua ilipoanza, wote wawili wakaanza kukohoa. Sikuhangaika. Nilichemsha maji, nikayaacha yawe vuguvugu. Nikakamulia ndimu, nikatia asali. Nikawanywesha kidogo kidogo, sawasawa.

Apiyo alipata nafuu, akaamka akidai uji. Adongo alikataa uji. Mwili wake ulikuwa moto, amelegea begani kwangu.

Nikachanganyikiwa. Asali ni ile ile, ndimu ni ile ile. Nikamwongezea Adongo. Wapi!

"Mama, umewapa sawa kweli?" Lorine akauliza.

"Sawa kabisa! Kwani unadhani nina mpendwa?"

"Basi mbona huyu anapona na huyu anazidi?"

Nikamwita jirani yetu Nasike, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mama Oduor," akaniita mlangoni, "nyumba inanukia ndimu mpaka barabarani! Kuna harusi?"

"Wacha mchezo, Nasike. Asali imeniangusha."

"Asali haina kosa. Inatuliza koo. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa. Wa chini ya mwaka, usithubutu, inaweza kumdhuru vibaya. Lakini asali haiponyi ugonjwa wa kifua."

Akafungua fulana ya Apiyo. Kifua kilikuwa kimetulia. Akafungua ya Adongo. Mzaha ukamwisha.

"Tazama hapa chini ya mbavu. Akivuta pumzi, panaingia ndani. Tena anapumua mbio mbio, na hajakimbia popote. Hii inaweza kuwa nimonia, Mama. Inaua watoto. Twende zahanati sasa hivi."

"Na Apiyo je? Pacha hawaachani."

"Aje pia, nani amemkataza? Lakini wote wanakohoa, na ugonjwa si mmoja."

Zahanatini, daktari alimpima Adongo. Kweli, ilikuwa nimonia. Akampa vidonge vya kuyeyusha kwa maji. "Mvimalize vyote, hata akianza kucheza," akatuambia. "Akishindwa kunywa au kupumua kwa shida kukizidi, mrudisheni mara moja."

Nyumbani, Lorine alipomnywesha Adongo dawa, Apiyo naye akafungua mdomo. "Na mimi!" akalia. Mkono wangu ukaenda kwenye kijiko wenyewe.

"Mama Oduor!" Nasike, aliyerudi nasi, akanishika. "Ukigawa, Adongo atapungukiwa. Na Apiyo atameza dawa asiyoihitaji."

Moyo ulinivuta huku na huku. Mwishowe nikamletea Apiyo maji yake ya ndimu na asali. Alinung'unika, akanywa.

Dawa ya Adongo tuliimaliza yote. Kifua kikatulia. Siku hizi mmoja akikohoa, namfungua fulana kwanza, namtazama akipumua. Asali inafuata baadaye.

Asubuhi moja Adongo alimaliza uji wake, akamnyang'anya Apiyo kikombe. Lorine akataka kumgombeza.

"Mwache," nikamwambia. "Mwongeze Apiyo uji mwingine. Leo sitaki kusikia habari ya sawasawa."