Cheti Kimoja cha Ackson

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Mchana ule wa mwaka 1994 iliwafukuza watu wote sokoni hadi duka la fotokopi, na Ackson akajikuta amebanwa kwenye kaunta, bahasha kaificha ndani ya koti zito alilorudi nalo kutoka Yugoslavia. Kwenye mashine alisimama Atupele, blauzi ya njano, macho ya kucheka.

"Umekumbatia nini hivyo, kaka?"

"Digrii yangu ya kilimo."

"Basi ishushe. Hapa hatuibi usomi wa mtu."

Wakapendana, tena upesi. Baba yake Atupele, Mzee Ezron wa Kinyala, hakuwa na neno na kijana, ila ng'ombe wa mahari alisema atawapokea siku baraza la kuhakiki vyeti vya nje, huko Dar es Salaam, litakapoitambua hiyo digrii, Ackson apate kazi ya chuo. Nani amlaumu?

Kabla ya safari ya Dar es Salaam, Ackson alimwachia Atupele cheti akitolee nakala. Binti akaona kimeanza kuota ukungu. Akakipitisha kwenye mashine mpya ya kufunika karatasi kwa plastiki ya moto, ile mji mzima ulikuwa unaipigia foleni. Jamani, alitaka kumfurahisha tu.

Dar es Salaam wakakikataa. Moto ulikuwa umelaza muhuri wa chuo, ule wa kubonyezwa ukachomoza kwenye karatasi, hapakuwa na cha kuhakiki. Wakataka chuo cha Yugoslavia kitoe kingine. Nchi yenyewe ilikuwa vitani, vipande vipande. Barua tatu hazikujibiwa.

Atupele akaacha kuonana naye. Ackson akadhani amechokwa kwa kukosa kazi, naye akanuna. Wiki sita, wapumbavu wawili, mpaka Ackson alipopiga simu dukani.

"Kama umepata mwenye kazi, niambie."

"Nimekuharibia maisha, Ackson. Nikutazame kwa macho gani?"

"Nilikusamehe siku ile ile, mpenzi. Nakuja."

Alikuja, wakalia pamoja. Kisha akamweleza njia pekee iliyobaki: kuanza upya mwaka wa kwanza chuoni Morogoro, miaka minne. Atupele alikuwa na ishirini na minane, na baba yake alishaanza kupokea wageni wa posa kutoka Kisiba.

"Utanisubiri?"

Atupele alimpenda, hilo msilitilie shaka. Ndiyo maana hakumdanganya.

"Hapana. Baba hatasubiri, na mimi sina nguvu za kushindana naye miaka minne."

Oktoba, Ackson aliketi darasani kati ya vijana wadogo, akifundishwa somo la udongo alilokwisha kulifaulu. Atupele alikuwa katika wiki ya tatu ya ndoa yake huko Kisiba.