Gurudumu Lililobaki

Kila asubuhi mkunga alifunga mkoba wake wa kazi nyuma ya baiskeli na kwenda kwa wagonjwa wake. Mtaa mzima ulimtegemea. "Kengele yake ikilia kwenye kona, uchungu hupungua nusu," wanawake walitania.

Siku moja alitoka zahanati mbio. Mjamzito wa upande wa pili wa mji alikuwa ameshikwa na uchungu. Kwenye maegesho mkunga alikuta gurudumu la mbele peke yake. Lilikuwa bado limefungwa kwa waya wake mwembamba. Baiskeli haikuwepo.

"Wameniachia gurudumu!" alifoka. "Hata haya hawana!"

Alikwenda kwa miguu. Alifika mtoto amekwisha kuzaliwa, mikononi mwa jirani. Mama na mtoto walisalimika, lakini mkunga alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Akalibwaga gurudumu mbele ya mumewe.

"Si uliponinunulia waya huu ulisema kufuli ni kufuli?"

"Mama watoto, ningejuaje?"

"Ungeuliza! Kesho natumia baiskeli yako. Wewe utatembea."

Dada wa mume, ambaye husafiri mji hadi mji kwa baiskeli na alikuwa amewatembelea, aliangua kicheko.

"Kaka yangu ni bahili tangu utotoni. Lakini nawe, wifi! Gurudumu la mbele hufunguliwa kwa spana moja. Umemfungia mwizi kitu asichokitaka."

"Usinichokoze leo, wifi. Nitakung'ata."

"Ning'ate, kisha unisikilize. Waya hukatwa kwa koleo. Nunua kufuli la chuma kigumu, lenye umbo la U. Lipitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma, kisha kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Waya wako utashika gurudumu la mbele tu."

Mume alitumwa dukani, akaenda bila kunung'unika. Kesho yake mkunga alifunga baiskeli ya mumewe kwenye nguzo fupi iliyokuwa nje ya nyumba.

"Haya, iba sasa!" alimwambia wifi yake.

Wifi aliinyanyua baiskeli pamoja na kufuli lake, akaipitisha juu ya nguzo na kuondoka nayo.

"Irudishe!" mkunga alipiga kelele.

"Nguzo isiyo na kichwa haishiki kitu. Tena, usiache nafasi kubwa ndani ya kufuli. Mwizi ataingiza mtaimbo. Wala lisiguse chini. Atalipigia nyundo hapo."

"Na safarini unabeba uzito wote huu?"

"Nabeba dogo, ila la chuma kilekile. Nikila, baiskeli iko mbele ya macho yangu. Nikilala, inalala chumbani nami."

"Ndiyo maana huolewi," alidakia kaka yake. Wote wawili walimkodolea macho.

Wiki chache baadaye mkunga aliitwa tena haraka. Alikimbilia maegesho ya zahanati. Waya ulikuwa umekatwa. Kufuli lilikuwa na mikwaruzo. Chini kulikuwa na kipande cha msumeno kilicholika meno yote. Baiskeli ilikuwa imesimama palepale, magurudumu yote mawili mahali pake.

Hasira ilimpanda. Alikiokota kipande kile, akakiinua juu.

"Mwizi we!" alipaza sauti barabara nzima isikie. "Msumeno wako umekuwa kibogoyo!"

Akapanda baiskeli. Safari hii, kengele yake ililia kwenye kona kabla mtoto hajalia.