Hakubadilisha Hata Neno Moja

— Mbona wauguzi waliokesha wamepangiwa kazi tena, na waliolala ndio wanapumzika?

Meneja aliniuliza hivyo mbele ya wageni kutoka hospitali. Nikatoa macho. Programu ile ya kupanga zamu niliiandika mwenyewe, na jana yake ilikuwa sawa. Nikaisoma upya, kila neno langu lipo vilevile. Nikahisi nachanganyikiwa. Nikamtazama mchumba wangu, aliyekaa meza ya jirani, ambaye tulikuwa tunawania naye cheo kimoja. Kainamisha uso.

Wageni walipotoka nikamvaa.

— Umegusa kazi yangu?

— Sikubadilisha hata neno moja, mpenzi. Haki ya Mungu.

— Nimekuuliza, umegusa?

— Nilinyoosha mistari tu. Ilikuwa imekaa shaghalabaghala, nikaona leo una wageni.

Alinyoosha! Lugha ya kompyuta anayoandikia yeye hufunga mambo kwa mabano, nafasi za mwanzo wa mstari ni urembo tu. Yangu haina mabano hayo. Mstari ukiusogeza ndani, kompyuta inauhesabu kuwa ni wa ule ulio juu yake. Ule wa "waingie kazini" aliusukuma ukaangukia kwa waliokesha. Mtu wa kazi yetu asijue hilo? Amdanganye mwingine.

Nikajifungia chumba cha mikutano, nikampigia mama.

— Mama, harusi haipo.

— Ee! Ana mwanamke mwingine?

— Hapana. Ni msaliti. Amenisogezea mistari.

— Amekusogezea nini?

Nikakata simu. Ningeanzia wapi?

Mchana kutwa ujumbe wake ukawa unaingia. "Njoo hata unitukane." Kisha: "Nisaidie kitu kimoja tu, halafu uniache."

Nikarudi mezani kwake, nia yangu kumtukana. Kwenye kompyuta yake nikakuta programu fupi, imeandikwa kwa lugha yangu.

— Najifunza kimyakimya, akasema. Ukinieleza kazi yako nisiwe naitikia tu kama zezeta. Lakini wiki nzima inanikatalia. Maneno yote ni sawasawa na ya kitabuni. Sielewi kichwa wala miguu.

Nikaangalia. Mistari imepangwa nadhifu, na nusu yake imesukumwa mahali sipo. Kosa lilelile, kwenye kazi yake mwenyewe! Hasira yote ikaniishia pale pale, nikaona aibu, nikacheka huku machozi yananitoka.

Nikarudisha mstari mmoja nyuma. Programu ikakubali.

— Umefanya nini? Mbona hujaandika kitu?

— Nitakufundisha, mpenzi. Ila kazi yangu usiinyooshe tena.

— Basi twende kwa meneja, nimwambie kosa ni langu.

Njiani nikampigia mama tena.

— Mama, harusi ipo.

— Mwanangu, mbona unanichanganya? Ni msaliti au si msaliti?

— Si msaliti, mama. Ni mshamba tu.

Mama akacheka.

— Haya, olewa. Mimi mwenyewe, baba yako mpaka leo sijamwelewa.