Mwanamke wa Kilo Sitini

Duka la vitabu la chuo lilifurika wanafunzi wapya, na nakala ya mwisho ya kitabu cha utangulizi wa mekanika ya uhandisi ilikuwa kwenye rafu ya juu. Mkono mmoja mrefu uliishika kwa juu. Mwingine, wenye kovu dogo la moto, uliishika kwa chini.

“Dada, nimekiona mimi kwanza.”

“Kuona si kushika, kaka. Achia.”

Mwenye kovu aliitwa Cheche. Jina hilo alipewa kwenye karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, kwa jinsi hasira zake zilivyoruka upesi. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la njano na, chini yake, buti za kazi, maana viatu vyake vya heshima vilikatika mkanda asubuhi. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, lakini mikono ya shati ilikata tamaa kabla ya kufika kwenye viganja. Wenzake walimwita Msumari, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

“Mkikichana mnakinunua wote,” alifoka mama muuza duka.

Wakakinunua wote wawili kwa kuchangia, bila kukichana. Jumatatu mpaka Jumatano kingekaa kwa Cheche, siku zilizobaki kwa Msumari.

Mpango huo haukumaliza wiki. Jumanne jioni Msumari alipiga simu.

“Samahani, naomba unisomee ukurasa wa kumi na mbili.”

“Wote?”

“Taratibu. Sina haraka.”

Cheche alisoma mistari mitatu, akakwama, akasonya. “Momenti ya nguvu kuhusu nukta. Hivi hawa watu waliandika wakiwa na homa?”

Kesho yake wakakutana maktaba, kitabu katikati yao. Msumari alijua kanuni zote kichwani, ila hajawahi kushika spana. Cheche alikuwa ameshika spana tangu hajaota meno ya ukubwani, ila kanuni zilimpiga chenga. Alipochoka kuelezwa momenti, alimsimamisha mwenzake mbele ya mlango.

“Usukume kwa kidole. Hapa, karibu na bawaba.”

Msumari alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mlango ukanuna tu.

“Sasa sukuma huku kwenye kitasa.”

Ulifunguka mara moja, akaangukia nje miguuni pa mkutubi.

“Hiyo ndiyo momenti,” Cheche alisema juu yake, akicheka mpaka machozi. “Umbali, kipenzi. Umbali ndio unaofanya kazi.”

Neno kipenzi lilimtoka bila kuulizwa. Msumari alibaki sakafuni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Naye Msumari alimfundisha Cheche kuchora. “Chukua kitu kimoja,” alimwambia, “kitenge na vingine vyote. Ukuta ufute, sakafu ifute. Halafu chora mishale ya kila nguvu inayokisukuma. Basi.” Cheche, ambaye jaribio la kwanza alipata alama nne kati ya ishirini, alianza kuiona mishale hata kwenye vikombe vya chai. Hofu yake ilikuwa moja: anayeanguka jaribio la pili huondolewa uhandisi. Na baba yake alikuwa ameshamwambia kila mteja kwamba bintiye ni injinia.

Wiki moja kabla ya jaribio, alipanda kuelekea maktaba akiwa na karanga mfukoni na wanja machoni. Msumari alikuwa amesimama mlangoni, amempa mgongo, simu sikioni.

“Yule mwanamke? Nimeshamtenga tangu jana,” alikuwa akisema. “Ndiyo, peke yake kabisa. Unajua shida yake? Anaelemea. Kadiri anavyozidi kupanda ndivyo kila kitu kinavyoteleza. Mimi naona asimame hapohapo alipo... Uzito tu, hana kingine.”

Karanga zilianguka moja moja. Cheche aligeuka, akashuka, na kabla hajafika chini alikuwa ameshaifungia namba yake. Kitabu kilikuwa kwa Msumari, zamu yake. Cheche alimtuma rafiki yake wa chumbani apeleke ujumbe: kitabu abaki nacho, naye mwenyewe abaki hukohuko.

Msumari alipiga simu mara ishirini na moja. Alimngoja mlangoni mwa darasa. Cheche akapitia dirishani, buti kwanza.

“Amekukosea nini?” rafiki aliuliza.

“Ameniita mzigo.”

“Mbele yako?”

“Nyuma yangu. Yaani mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake.”

Siku ya jaribio alikaa safu ya mbele ili asimwone. Swali la kwanza alilimudu. La pili pia, akiwaza mlango. Akafungua la tatu.

Mwanamke wa kilo sitini anapanda ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mtenge mwanamke huyo, kisha tafuta ni wapi atakapofika kabla ngazi haijateleza.

Alisoma mara mbili. Mara ya tatu kicheko kilimponyoka kama mvuke wa sufuria.

“Binti, kuna mzaha hapo?” mhadhiri aliuliza.

“Hapana, mwalimu. Kuna mwanamke.”

Alimtenga yule mwanamke, akamchorea mishale yake yote, na alipokusanya karatasi akageuka kumtafuta Msumari. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amemaliza mapema akaondoka. Akaifungulia namba yake, akapiga. Simu iliita bila kupokelewa. Akampigia baba yake angalau amwambie jaribio limekwenda vizuri.

“Hongera, mama,” baba alisema kwa sauti ya juu, mashine ikinguruma. “Kuna kijana hapa anakutafuta. Mrefu. Nimempa kazi.”

Cheche alikimbia.

Karakanani alimkuta Msumari amekumbatia fremu ya geti kubwa, shati jeupe limekuwa la rangi zote, jasho linamtiririka. Cheche alikuwa akipiga tena, na simu ilikuwa ikilia mfukoni mwa Msumari.

“Mbona hupokei?”

“Mzee kaniambia nisiachie.” Alirekebisha mshiko. “Nimekuja kumwuliza nimekukosea nini. Akasema, shika hapa kwanza.”

“Hujanikosea. Nilikusikia kwenye simu ukisema juu ya mwanamke. Nikadhani ni mimi.”

Msumari alifikiri, kisha macho yakamtoka. “Yule wa kwenye ngazi? Cheche! Huyo ni swali la arobaini na mbili la kitabu chetu, nilikuwa namwelekeza mwenzetu!”

“Najua sasa. Nisamehe, mpenzi wangu.”

“Rudia.”

“Nisamehe?”

“Hapana, hiyo ya mwisho.”

“Mpenzi wangu,” alisema Cheche, akaingia upande wa pili wa fremu na kuishika naye. Walitazamana kupitia nondo. “Ningekukumbatia, ila geti litatuangukia.”

“Mimi naweza kushika hivi mpaka tuhitimu. Na tukihitimu, nitamwomba mzee kitu kingine kisichokuwa geti.”

“Kitu gani hicho?”

“Wewe unakijua.”

Cheche alikijua. Alitabasamu mpaka kovu lake likasahau kuuma.

Baba alitoka ndani na kikombe cha chai, akawatazama, akanywa funda moja.

“Achieni basi,” alisema. “Hilo geti nimemaliza kulichomelea kitambo, linasimama lenyewe.”

Hakuna aliyeachia.