Mlango wa Haldane

Odessa Pruitt alimkanyaga Anton Zupan mkono kabla hajamwona uso. Ilikuwa Jumamosi, soko la mitumba la Cleveland, Marekani, limefurika watu, na mwanamume mzima amelala chali katikati ya viti vibovu, akipiga picha dari.

"Ala! Umekufa au umelewa?"

"Nimependa," alijibu, akipuliza vidole. "Tazama juu. Mbao zimepinda kama mbavu za nyangumi. Hili lilikuwa duka kubwa la vyakula, enzi za babu zetu. Kampuni ilikuwa na mengi kama hili, sasa yamebaki machache."

Odessa alikaza mkanda wa koti lake jekundu, akacheka. "Nami nikadhani umenipenda mimi."

"Wewe nimekuona sasa hivi. Dari imepata mshindani."

Mapenzi yakaanza hivyo. Anton, seremala mwenye vumbi la mbao ndevuni, alimpigia simu kila jioni akiwa mbele ya duka jingine kuukuu lililosalia.

"Kipenzi, hili sasa ni kanisa."

"Na la jana?"

"Lile sasa linauza majeneza."

"Na lini utanipigia ukiwa mbele ya nyumba yangu?"

"Fungua basi."

Alikuwa kibarazani, theluji mabegani, amebeba soseji na kabichi kutoka jikoni kwa mamake.

Theluji ilipoyeyuka, mwenye soko alitaka kulivunja ajenge maegesho ya magari. Anton akaenda kulitetea mbele ya baraza la mji. Odessa alikaa safu ya mbele, gauni la manjano, tayari kupiga makofi. Picha ya zamani ya jengo, aliyoileta Anton, ikatokea ukutani: wauzaji wenye aproni nyeupe, na juu ya mlango, herufi kubwa: HALDANE.

Odessa aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Hilo ndilo Haldane? Babu yangu alivunjwa taya mlangoni hapo! Yeye na wenzake walidai sisi weusi tunaonunua pale tuajiriwe pia, wakapigwa virungu. Anton, ulijua?"

Anton alishusha karatasi zake. "Nilijua kulikuwa na maandamano. Sikujua ni babu yako. Niliona... yataharibu hoja."

"Yataharibu!" Akawageukia madiwani. "Livunjeni."

Tangu hapo simu za Anton ziliita bila kupokewa. Mwishowe alikwenda kwa Bibi Verlene, mjane wa mzee yule aliyevunjwa taya. Aliyefungua mlango ni Odessa, akataka kuufunga.

"Mwache aingie," bibi aliita. "Baridi inaingia bure."

Anton alivua kofia. "Bibi, nimekuja kuomba radhi. Nilisimulia habari za duka nikamwacha mumeo nje."

"Na huyu mjukuu wangu akasema livunjwe. Nani alimtuma?"

Odessa alimgeukia.

"Bibi, si walimpiga?"

"Walimpiga. Taya likafungwa waya, akarudi kusimama palepale, na wenzake, mpaka Haldane wakasalimu amri. Unadhani mweusi wa kwanza kukaa pale kupokea pesa za wateja alikuwa nani? Mimi! Niliingia kwa mlango ule, babu yako akilia kwa furaha barabarani kama mtoto. Baba yako aliona damu tu, ndiyo aliyokusimulia."

Odessa alikaa sakafuni. "Bibi, madiwani wamepiga kura asubuhi ya leo. Linavunjwa. Mmoja wao alisema ni kwa sababu yangu."



Siku mashine ya kubomoa ilipofika, Bibi Verlene alimwomba dereva asubiri. Akawashika Odessa na Anton mikono, mmoja kila upande, akaingia kwa mlango ule taratibu, kichwa juu. Alipotoka, alisema, "Haya, mwanangu, fanya kazi yako."

Mbao zilipasuka kwa kishindo. Odessa alijificha kifuani kwa Anton.

"Tumeliua sisi wawili," alinong'ona. "Wewe kwa kunyamaza, mimi kwa kusema."

"Najua."

"Ukinificha neno tena, nakuvunja wewe."

"Basi lipo moja ninalolificha tangu majira ya baridi. Nataka kukuoa."

Odessa aliinua uso, vumbi limeshikana na machozi, mdomo wazi.

"Mjibu upesi," alisema Bibi Verlene. "Miguu inaniuma."